Matone ya kupanua mboni: mtoto kalazimishwa, babu kakataliwa. Kwa nini?

Mama Wawili (Mwanga, Kigoma)

Habari za jioni wanajukwaa, na kwa wakubwa zangu wote shikamooni. Naomba ufafanuzi wa jambo ambalo limetugawa hapa nyumbani, maana kila mwenye karatasi ya vipimo anaiamini ya kwake.

Binti yangu ana miaka minane. Mwalimu wake aliniita akanieleza kwamba mtoto akisoma kwa muda mrefu, jicho la kushoto huingia ndani kuelekea puani, kisha hulalamika kwamba kichwa kinamuuma. Nilimpeleka kwanza kwenye duka moja la miwani. Akakalishwa mbele ya ile mashine ya kompyuta, akaambiwa aitazame picha iliyomo ndani, na karatasi ikatoka na hasi 1.00 kwa macho yote mawili. Muuzaji akasema mtoto haoni mbali, na akataka tuchague fremu papo hapo. Shangazi yake ndiye aliyenizuia, akasema twende kwanza kliniki ya macho. Huko walimtia matone, tukasubiri, wakamtia tena, mboni zikawa pana na nyeusi hata nikaingiwa na hofu. Ndipo mtaalamu akampima kwa kijitochi chake, huku akimpitishia vioo mbalimbali mbele ya macho. Matokeo yakawa chanya 2.50 kila jicho. Kutoka hasi moja hadi chanya mbili na nusu ni tofauti inayomshangaza hata mtu asiyejua lolote kuhusu macho.

Upande wa pili ni baba mkwe wangu, fundi wa nyavu pale Kibirizi, ambaye ana mtoto wa jicho macho yote mawili na anasubiri upasuaji. Alipangiwa siku ya kupimwa nguvu ya lenzi ya bandia atakayowekewa. Asubuhi ya siku hiyo alipita kwanza kwa daktari, akatiwa matone ili nyuma ya jicho ichunguzwe, akapimwa na presha ya macho. Alipofika chumba cha vipimo, mhusika alimuuliza kama ametiwa dawa, na aliposikia kwamba ndiyo, akamwambia arudi siku nyingine. Mzee amerudi nyumbani akiwa amekasirika, anasema anazungushwa tu.

Basi naomba mnisaidie. Inakuwaje kwa mtoto wakatae kupima bila matone, na kwa mzee wakatae kupima kwa sababu ya matone hayo hayo? Kati ya karatasi mbili za mtoto, ipi nishike? Na je, dawa hii inalibadilisha jicho lenyewe?

Mpimaji wa Tabora

Dada, pole kwa usumbufu, na Mzee mfikishie shikamoo yangu. Kazi yangu ni kupima macho hapa Tabora, kwa hiyo maswali yako nakutana nayo mara kwa mara. Kwa maelezo uliyotoa, kliniki ilimtendea mtoto sawasawa, na yule wa chumba cha vipimo alimtendea Mzee sawasawa. Walichokosea wote wawili ni kutokukaa chini wakaeleza.

Nianze na mtoto. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ambayo imeshikwa pande zote na nyuzi nyembamba, na nyuzi hizo zimefungwa kwenye msuli wa duara. Mtu anapotazama kitu cha karibu, msuli hukaza, nyuzi hulegea, na lenzi hutuna ikawa na nguvu zaidi. Mtoto wa miaka minane anaweza kuongeza zaidi ya daiopta 10 (daiopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, ndizo zile namba za kwenye karatasi zako) kwa njia hiyo bila kujua kwamba anafanya kazi yoyote. Sasa ukimweka mbele ya mashine na kumwambia aangalie picha iliyomo ndani, akili yake inajua kwamba picha ile iko karibu, hata kama mtengenezaji ameichora barabara inayokwenda mbali. Msuli unakaza, na mashine inasoma nguvu ya jicho pamoja na nguvu aliyoiongeza mtoto. Ni sawa na kumpima mtoto urefu huku amesimama kwa ncha za vidole: futi haina kosa, ila namba itakayoandikwa si urefu wake.

Matone aliyotiwa, ambayo kwa watoto mara nyingi ni saiklopentoleti ya asilimia 1, hufanya mambo mawili kwa pamoja. Hulegeza msuli unaofunga mboni, ndiyo maana mboni zilipanuka, na hulegeza ule msuli wa lenzi. Watu hushangazwa na la kwanza kwa sababu linaonekana, lakini kwa mpimaji la pili ndilo lenye thamani. Msuli ukishalala, lenzi inabaki bapa, na jicho linajionyesha lilivyo. La binti yako limeonyesha kwamba ni jicho la chanya, yaani fupi kidogo kuliko linavyotakiwa kuwa, na siku zote amekuwa akilifidia kwa kukaza msuli. Kukaza huko kunakwenda sambamba na macho kuelekea puani, kwa kuwa ubongo umeyafunga mambo hayo mawili pamoja; kwa hiyo jicho la kushoto kuingia ndani wakati wa kusoma, pamoja na maumivu ya kichwa, vinaafikiana na chanya 2.50 na haviafikiani kabisa na hasi 1.00. Angevalishwa miwani ya hasi, msuli ungelazimika kukaza zaidi, na kengeza lingeongezeka.

Kwa hiyo shika karatasi ya kliniki. Kuna jambo moja tu la kuhakikisha. Mtaalamu anapopima kwa kijitochi hukaa umbali fulani kutoka kwa mtoto, anautembeza mwanga na kutazama jinsi mng'ao mwekundu unavyosogea ndani ya mboni: ukifuata upande ule ule anaongeza kioo cha chanya, ukienda kinyume anaongeza cha hasi, hadi mboni yote iwake kwa mara moja bila kusogea. Kioo alichofikia hapo si namba ya mwisho. Akiwa amekaa umbali wa sentimita 67, anatakiwa kuondoa daiopta 1.50, akiwa sentimita 50, anaondoa 2.00. Uliza tu kama chanya 2.50 ni baada ya kuondoa. Nimewahi kupokea karatasi zisizosema, na fundi wa miwani hawezi kubahatisha.

Mzee nitamrudia baadaye, kuna wagonjwa wananisubiri.

Kijana wa Gungu

Samahani wakubwa zangu, sikubaliani moja kwa moja. Kama dawa ndiyo iliyoulegeza msuli, basi namba hiyo ni ya jicho lililotiwa dawa. Mtoto hataishi maisha yake yote akiwa na matone machoni. Kwa nini asipewe miwani kulingana na jicho analolitumia kila siku, ambalo halina dawa?

Muuguzi Mstaafu (Ujiji)

Mwanangu wa Gungu, hoja yako ni nzuri na nitamwachia mpimaji aijibu kwa upande wa miwani. Mimi naomba niseme kuhusu dawa zenyewe, maana mama ameuliza kama zinabadilisha jicho, na nilitumika miaka mingi kwenye chumba cha kutia matone.

Hazibadilishi. Zinaziba kwa muda mahali ambapo neva hupitishia amri ya kukaza, kisha zinaisha. Tofauti ni ya muda tu. Tropikamaidi, ambayo hutumika sana kwa watu wazima ili daktari aone nyuma ya jicho, hufikia kilele kati ya dakika 20 na 30 na mara nyingi huisha ndani ya saa chache, na nguvu yake juu ya msuli wa lenzi ni ndogo na ya kupita haraka. Saiklopentoleti huchukua dakika 30 hadi 60 kukamilisha kazi, na mtoto anaweza kukaa hadi siku nzima kabla ya kusoma vizuri tena. Atropini ndiyo yenye kukawia kuliko zote, inaweza kufika wiki mbili. Halafu kuna fenilefrini, ambayo kazi yake ni tofauti: inaufanya msuli wa kufungua mboni uvute, lakini msuli wa lenzi haiugusi kwa kiasi cha maana. Ukiona mboni imepanuka kwa dawa hiyo peke yake, usifikirie kwamba mtoto yuko tayari kupimwa namba. Na hiyo fenilefrini, hasa ile kali ya asilimia 10, haifai kutiwa ovyo kwa mzee mwenye shinikizo la damu.

Sisi wenye macho meusi tuna jambo letu. Rangi nyeusi ya ile duara inayozunguka mboni hulishika tone na kuliachia polepole, ndiyo maana dawa huchelewa kuanza na huchelewa kuisha kuliko inavyoandikwa kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa watu wenye macho ya rangi ya bluu. Hii ndiyo sababu mtoto alitiwa mara ya pili mkasubirishwa. Mtoto akipimwa kabla dawa haijashika, mboni inaweza kuwa tayari pana huku lenzi bado inacheza, na namba itakuwa ya katikati, si ya mashine wala ya kweli. Nilikuwa nawaambia akina mama: msihesabu muda kwa kuangalia mboni.

Na kwa wanaotiwa dawa, hasa watoto: ukishatia tone, bonyeza taratibu kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isiteremke puani na kuingia mwilini. Mtoto akiwa mwekundu usoni, akapata joto, au akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, mwambieni mhudumu mara moja. Hutokea kwa nadra, lakini hutokea.

Mwalimu wa Isevya

Naongezea kutoka upande wa mgonjwa. Nina presha ya macho, na hupimwa mara kwa mara eneo la kuona, kile kipimo ambacho unaingiza uso kwenye bakuli jeupe na kubonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga. Safari moja nilipimwa nikiwa nimetiwa matone muda mfupi kabla, na karatasi ikaonyesha kwamba nimeshuka. Daktari wangu alipoiona, kabla ya kubadilisha dawa, alinionyesha sehemu ya juu ya karatasi palipoandikwa kipenyo cha mboni, akalinganisha na karatasi za nyuma, akaamuru nirudie bila matone. Alinieleza kwamba mboni iliyopanuliwa hufanya mwanga utawanyike na nukta zififie, na mboni ndogo mno, chini ya milimita 3, nayo hupunguza matokeo. La muhimu kwake lilikuwa kwamba kila mara nipimwe katika hali ile ile. Mwenye presha ya macho aitunze karatasi yake na kuutazama mstari huo.

Mama Wawili (Mwanga, Kigoma)

Nawashukuru sana, na wewe Bibi wa Ujiji nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa sababu uwekundu wa uso tuliuona nikadhani ni jua. Mpimaji, nimepiga simu kliniki na wamesema chanya 2.50 ni baada ya kuondoa umbali. Nabakiwa na mambo mawili. Kwanza, hoja ya kijana wa Gungu nami inanisumbua: je, atavaa chanya 2.50 yote? Jana tulimjaribishia vioo, dawa ikiwa imeisha, akasema ubao wa mbali unafifia. Pili, Mzee afanyeje?

Mpimaji wa Tabora

Nimerudi. Kijana wa Gungu ameuliza swali ambalo nami ningependa kila mzazi aliulize. Namba ya matone ni kipimo cha jicho, na miwani ni uamuzi unaofanywa baada ya kukijua kipimo hicho. Ni mambo mawili, na katika mengi ya macho ya watoto hayalingani. Mtoto mwenye chanya kiasi hiki, haoni shida na macho hayaingii ndani, anaweza kupunguziwa kwa kiasi fulani, au asipewe miwani kabisa akaangaliwa tu. Lakini mtoto ambaye jicho linaingia ndani anapokaza, kawaida tunampa chanya yote iliyoonekana chini ya saiklopentoleti au karibu yote, kwa kuwa lengo la miwani hapo ni kuuondolea msuli sababu ya kukaza, na kwa njia hiyo macho yanyooke. Jibu kwa kijana ni kwamba jicho "analolitumia kila siku" ndilo hilo lililokuwa likimuumiza kichwa.

Ubao kufifia hakunishangazi. Msuli uliozoea kukaza tangu utotoni hauachi kwa siku moja, na ukikaza nyuma ya kioo cha chanya, vya mbali vinafifia. Mtoto akivaa miwani mfululizo, mara nyingi hulegea polepole katika majuma ya mwanzo. Msiivue ili aone ubao. Mwombeni mwalimu amketishe mbele kwa muda. Baada ya hapo arudishwe kliniki waangalie kama jicho linanyooka akiwa amevaa. Ikiwa hata baada ya muda wa kutosha bado anaona mbali kwa shida, hapo ndipo watampunguzia, wao na si muuzaji.

Kuna sababu nyingine ya mimi kutoamini majibu ya mtoto mwenyewe mboni zikiwa bado pana. Mwanga unaopita pembezoni mwa lenzi haukusanyiki mahali pamoja na ule wa katikati. Katika jicho la kawaida hukusanyika mbele kidogo, na hivyo huvuta namba kuelekea hasi na kufanya herufi ziwe na ukungu. Mpimaji mwenye kijitochi hufuata mng'ao wa katikati ya mboni tu na kuyapuuza ya pembeni, lakini mtoto hawezi kuchagua aone kwa sehemu ipi ya jicho. Kwa hiyo "hii nzuri au ile" tunaiacha hadi dawa iishe.

Sasa Mzee. Katika umri wake lenzi imeshakuwa ngumu na msuli hauna cha kutunisha, kwa hiyo matone hayawezi kufichua namba yoyote iliyojificha. Kinachotafutwa kwake ni nguvu ya lenzi ya bandia, na hesabu hiyo inasimama juu ya vitu viwili vikubwa: urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, ambao kwa mtu mzima huzunguka milimita 23.5, na mbinuko wa konea, yaani kile kioo angavu cha mbele, ambao mara nyingi huwa karibu na daiopta 43 au 44. Dawa ya kupanua mboni haiurefushi wala kuufupisha urefu wa jicho kwa kiasi cha kumsumbua mtu, na mbinuko wenyewe wa konea haiubadilishi. Tatizo liko juu ya konea. Mashine hupima mbinuko kwa kusoma mwanga unaorudishwa na utando mwembamba wa machozi uliotanda juu yake. Mzee alikuwa amemwagiwa tone baada ya tone, akatiwa na la ganzi, kisha konea ikaguswa kwa kifaa cha presha. Utando huo ulikuwa umekatika, na mwanga ungerudi umepinda. Kosa la daiopta 1 kwenye mbinuko huhamia karibu lote kwenye lenzi atakayowekewa, na lenzi ikishawekwa haibadilishwi kirahisi kama kioo cha miwani.

Kipo kitu cha tatu ambacho matone hukigusa kweli, nacho ni kina cha nafasi iliyo kati ya konea na lenzi. Msuli ukilegea lenzi hurudi nyuma kidogo na kina huongezeka, kwa kawaida sehemu ndogo sana ya milimita. Kanuni za zamani za hesabu, mfano SRK/T, hazikitumii kina hicho kabisa. Za karibuni kama Haigis na Barrett hukitumia. Kwa macho mengi tofauti inayopatikana ni ndogo kuliko hatua ya nusu daiopta ambayo lenzi hutengenezwa kwayo, kwa hiyo nisingemrudisha mgonjwa aliyetoka mbali kwa sababu hiyo peke yake. Ningemrudisha kwa sababu ya konea.

Akirudi, mwambieni aseme mlangoni kwamba amekuja kupimwa lenzi, ili mbinuko na urefu vichukuliwe kwanza, kabla ya tone lolote na kabla ya presha. Kama alitiwa tropikamaidi, kesho yake tu jicho linakuwa limetulia. Ikiwa mtoto wa jicho ameshakuwa mweupe, mashine ya mwanga haitapenya na urefu utapimwa kwa mawimbi ya sauti, kwa kugusa konea. Hapo hofu yangu ni mkono wa mpimaji kuliko matone: akibonyeza, jicho linaonekana fupi, na kila milimita 1 iliyopotea ni takriban daiopta 2.5 hadi 3 za ziada kwenye lenzi. Wapime macho yote mawili hata kama linafanyiwa upasuaji moja; urefu ukitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.3 hivi, wengi wetu hurudia kupima.

Na amwambie daktari kwamba yeye ni fundi wa nyavu. Kwa kawaida lenzi huhesabiwa ili mtu aone mbali, kisha avae miwani ya karibu. Mtu anayeshinda akipitisha uzi kwenye matundu ya wavu wa dagaa anaweza kupendelea hesabu iachwe upande wa hasi kidogo, aone mikono yake bila miwani na avae miwani akitaka kutazama mitumbwi. Hilo huamuliwa siku ya kipimo, kabla ya kuagiza lenzi.